Santuri zinazolia kama bisi: umeme tuli, uchafu au mkwaruzo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimerithi santuri za marehemu baba: za 45 kama sitini, LP (zile kubwa) ishirini na kitu, na nane nzito za zamani sana. Zilikaa Tanga miaka mingi, mwaka jana nikazihamishia Dodoma. Kule zilikuwa na kelele kidogo tu. Huku zinalia kama bisi kwenye sufuria, na nikiinua santuri, kile kitambaa cha juu ya sahani ya mashine kinanyanyuka nayo. Mara nyingine napigwa shoti ya kidole. Kadhaa nilizifuta kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, zikawa mbaya zaidi. Nimeona mtandaoni kuna bastola ya kuondoa umeme. Niinunue?

JIBU: Dada, bastola isubiri kwanza. Na hiyo spiriti iweke kando leo hii, hasa kwa zile nane nzito. Sababu yake nitaieleza huko chini.

Anza kwa kusikiliza, maana kelele za santuri hazina chanzo kimoja na kila chanzo kina sauti yake. Chagua dakika moja ya wimbo, ipige mara mbili mfululizo, uandike "pa" zinapotokea. Zikirudi mahali palepale kila ukipiga, kuna kitu ndani ya mfuo, yaani ile njia nyembamba ambamo sindano hupita: mchanga, kuvu au mkwaruzo. Zikihama, mara hapa mara pale, huo ni umeme tuli unaoruka. Mkwaruzo unaokatiza mifuo unajitambulisha wenyewe, kwa sababu hugonga mara moja kila mzunguko: kila sekunde 1.8 kwenye LP, inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, kila sekunde 1.33 kwenye ya 45, inayozunguka mara 45. Kama ni "shaaa" isiyokatika kuanzia mwanzo hadi mwisho, mfuo umelika au santuri ilitoka kiwandani hivyo, na hakuna dawa ya kupaka itakayoubadilisha. Mvumo mzito wa "mmm" unaosikika hata sindano ikiwa juu si wa santuri kabisa. Huo ni waya wa ethi: hakikisha ule waya mwembamba unaotoka kwenye mashine umefungwa kwenye skrubu ya GND nyuma ya amplifaya.

Kwa ulivyoeleza, una matatizo mawili yaliyopandana. Santuri za 45 na LP kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo hushika chaji kwa urahisi sana na kukaa nayo. Kuichomoa kwenye bahasha ya karatasi tu kunatosha kuichaji. Pwani hewa yenye unyevu huipeperusha chaji hiyo polepole bila wewe kujua. Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu na chaji haina pa kwenda. Lakini umeme tuli wenyewe huleta "pa" chache tu. Hasara yake kubwa ni kwamba unavuta vumbi, na Dodoma vumbi halitafutwi. Chini ya vumbi hilo jipya kuna uchafu wa Tanga: jasho la vidole, na karibu hakika kuvu, yale madoa ya kijivu au meupe utakayoyaona ukiinamisha santuri chini ya taa. Kwa hiyo ukinunua bastola leo utaondoa chaji, uchafu utabaki mfuoni ukicheka.

Osha kwanza. Kwa santuri za PVC, changanya mililita 400 za maji yaliyokenekwa, mililita 100 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, na matone mawili ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato. Ukipata ya asilimia 70 tu, weka mililita 140 na upunguze maji yawe 360. Maji yaliyokenekwa ni yale ya kuongezea betri za gari, lakini soma chupa: dukani watu huita "maji ya betri" vitu viwili, na kimoja ni tindikali. Maji ya bomba au ya kisima usiyatumie hata kusuuzia, maana chumvi yake hubaki mfuoni ikikauka, na chumvi hiyo ndiyo "pa" mpya.

Spiriti ya duka la dawa mara nyingi si isopropili, ni ethanoli iliyotiwa vitu vingine, wakati mwingine hata mafuta, ili isinyweke. Ilipokauka iliacha utando. Pamba nayo iliacha nyuzi, na kufuta kukavu kukaongeza chaji. Uchafu uliyeyuka, ukasogea, ukakauka upya chini ya mfuo. Ndiyo maana zikawa mbaya zaidi. Kwa zile za PVC hasara hiyo inarekebishika.

Laza santuri juu ya taulo safi. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki chenye upana wa sentimita 10 hivi, kwa sababu lebo za karatasi za santuri za 45 zikilowa huvimba na rangi hutoka. Mimina au pulizia mchanganyiko hadi uso wote ulowe, acha dakika moja, kisha tumia brashi laini yenye nyuzi nyembamba ukifuata mzunguko wa mifuo, kamwe usikatize. Zungusha mara kumi hivi bila kukandamiza. Kazi inafanywa na maji, brashi inasukuma tu. Penye kuvu rudia. Kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyokenekwa matupu. Hatua hii watu huiruka wakiona santuri inang'aa, halafu wanashangaa sindano inakusanya utando mweupe: ni sabuni. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa cha maikrofaiba, usisugue, halafu isimamishe kwenye kichanja cha vyombo kwa nusu saa, mbali na feni na dirisha lililo wazi. Juani usiweke, PVC hupinda kwa joto.

Baada ya kuosha usiirudishe kwenye bahasha ileile. Karatasi ya zamani ina vumbi, ina mbegu za kuvu, na kila unapochomoa inaichaji upya. Nunua bahasha za ndani za plastiki laini ya HDPE zinazouzwa kwa ajili ya kuzuia umeme tuli. Majalada ya zamani yatunze, hasa yenye picha na maandishi ya bendi, ila yakae nyuma ya santuri iliyovishwa bahasha mpya. Epuka mifuko ya PVC laini, ile mizito inayonuka plastiki: kilainishi chake hutoka polepole na kuacha ukungu juu ya santuri usiofutika.

Sasa zile nane nzito. Kama zinazunguka kwa kasi ya 78, chukulia kwamba ni za shelaki, utomvu wa asili uliotumika kabla ya PVC, mpaka ithibitike vinginevyo. Santuri za 78 ndizo zilizobeba taarabu ya mwanzo, pamoja na zile ambazo mwimbaji Siti binti Saad alirekodi Bombay, India, mwaka 1928, na Afrika Mashariki ziliendelea kutumika muda mrefu baada ya hapo. Muulize seremala yeyote anayepiga vanishi ya kizamani: shelaki huyeyushwa kwa spiriti. Kwa hiyo ukiifuta santuri ya shelaki kwa alkoholi ya aina yoyote, unaondoa muziki wenyewe. Iliyopoteza mng'ao baada ya pamba yako imeumia, na kelele yake ni ya kudumu. Zilizobaki zisafishe kwa maji yaliyokenekwa na tone moja la sabuni, bila alkoholi kabisa, haraka, bila kuloweka, na uzikaushe papo hapo.

Shelaki haisumbuliwi na umeme tuli kama PVC. "Shaaa" yake inatokana na unga wa mawe uliochanganywa ndani ili santuri ihimili sindano za chuma, na inaongezeka ukiipiga kwa sindano isiyo yake. Sindano ya LP ina ncha ya mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mfuo wa 78 ni mpana na unahitaji ncha ya mikroni 65 hadi 75. Ncha ndogo huanguka hadi chini ya mfuo na kuburuza penye uchafu wote, badala ya kuegemea kuta zenye sauti. Vichwa vingi vya sindano vina sindano ya 78 inayouzwa peke yake. Ulizia kwa jina la kichwa chako. Hakuna matumizi bora ya fedha kwa santuri hizo.

Turudi kwenye mashine. Kitambaa kinachonyanyuka na santuri ni cha felti, yaani sufi iliyoshindiliwa, na felti ikisuguana na PVC ni kiwanda kidogo cha umeme. Kitoe, uweke mkeka wa mpira au wa koki, ile ya vizibo vya chupa, wenye unene uleule. Ukiwa mnene zaidi au mwembamba zaidi, kimo cha mkono wa sindano kitabadilika, na mashine nyingi za bei nafuu hazina pa kukirekebisha. Ukiwa na mita ya fundi, iweke kwenye omu na upime kati ya chuma cha mkono na ile skrubu ya GND. Ikisoma karibu na sifuri, chaji ina njia ya kushukia. Isiposoma kitu na mkono ni wa chuma, waya umekatika.

Unyevu wa chumba ukiwa asilimia 40 hadi 50, umeme tuli hupungua sana. Kipima unyevu kidogo si ghali, na taulo lililolowa likitundikwa chumbani saa moja kabla ya kupiga linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Usivuke 60, utaikaribisha tena kuvu ya Tanga.

Kabla ya kila santuri, tumia brashi ya nyuzi za kaboni. Ishike pale penye chuma ili chaji ipite mkononi mwako, acha santuri izunguke mara mbili au tatu nyuzi zikigusa tu, kisha itoe taratibu kuelekea nje. Watu hukandamiza kana kwamba wanafagia uwanja, vumbi linaingia ndani zaidi. Sindano nayo isafishe kwa brashi ndogo laini, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si ubavuni. Uzito wake ufuate maelezo ya mtengenezaji: Audio-Technica AT3600L, kwa mfano, inataka gramu 2.5 hadi 3.5. Kupunguza chini ya hapo kwa huruma ni kosa, sindano nyepesi huruka na kutua ikichonga kuta za mfuo.

Kwa zile za 45 kuna jambo la bure kabisa. Nyingi za miaka ya 60 zilirekodiwa kwa mono, yaani chaneli moja ya sauti, na katika mono muziki wote uko kwenye mwendo wa sindano kwenda kushoto na kulia. Mwendo wa juu na chini ni kelele tupu. Kama amplifaya yako ina swichi ya MONO, ibonyeze. Chaneli mbili zikichanganywa, kelele za juu na chini zinafutana, na muziki haupotezi kitu. Mara nyingi "shaaa" hupungua kuliko ambavyo ungepata kwa kuosha mara tatu.

Ukimaliza yote hayo na bado santuri inang'ang'ania mkeka, hapo bastola ina kazi. Inua santuri mkononi, kwa sababu ikilala kwenye sahani ya chuma chaji ya upande wa chini inajificha. Kaa nayo umbali wa sentimita 30 hivi, vuta kifyatulio polepole kwa sekunde mbili au tatu, kiachie polepole vilevile, halafu geuza upande wa pili. Ukisikia "tiki" umevuta haraka mno. Usiifyatue karibu na kichwa cha sindano, na amplifaya iwe imezimwa.

Anza na LP mbili ambazo huzionei uchungu, mkono uzoee, ndipo ushike za baba.