Muulize Mwalimu: Anasoma Kiingereza hadi majirani wanasifia, ila hajui kasoma nini

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Tandahimba. Binti yangu yupo kidato cha tatu, akishika kitabu cha Kiingereza anasoma kwa sauti mpaka majirani wanasema huyu mtoto anajua, ila nikimuuliza hapo wamesema nini anabaki kunitazama, na mtihani wa juzi ile sehemu ya kusoma habari na kujibu maswali kapata 3 kwa 10. Tena anachanganya he na she. Hela ya tuisheni haipo mpaka korosho ziuzwe, na mimi mwenyewe niliishia la saba. Nitamsaidiaje? – Mama, Tandahimba

JIBU: Marahaba mama. Kwanza usiidharau la saba yako, hii kazi unaiweza kabisa. Watoto wetu wa shule za serikali wanasoma miaka 7 kwa Kiswahili halafu wakiingia form one kila kitu kinageuka, baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, sasa mtoto anakimbilia kutamka vizuri ili wenzake wasimcheke, maana ya maneno inabaki nyuma.

Fanya hivi. Akimaliza aya moja mwambie afunge kitabu akuhadithie kwa Kiswahili, kama anavyokuhadithia mambo ya shuleni. We sikiliza tu: nani alikuwepo, wapi, kafanya nini, kwa nini. Ukifika mahali hadithi imekatika, yaani mtu katokea tu hujui katoka wapi, hapo ndipo hakuelewa, mrudishe kwenye mistari hiyo hiyo asome tena polepole. Kusikia kwamba hadithi imekatika hakuhitaji Kiingereza mama yangu.

Nimekutungia mfano wa huko huko kwenu: "Uncle spread the nuts on the mat. He kept looking at the sky. Before noon he told the children to bring the sacks." Mjomba kaanika korosho kwenye mkeka, akawa anaangaliaangalia juu, kabla ya saa sita mchana akawaambia watoto walete magunia. Swali: mjomba alikuwa anahofia nini? Wengi wataandika wezi, maana wanajua korosho zinaibiwa. Lakini kwenye hiyo habari mwizi yuko wapi? Hayupo. Jibu ni mvua, na neno mvua halijaandikwa popote, limejificha kwenye "looking at the sky". Anayeogopa mwizi anaangalia njiani, haangalii mawingu. Kwa hiyo kila akikujibu mwambie "nionyeshe", aweke kidole kwenye mstari uliompa jibu. Akikosa pa kuweka kidole basi kajibu ya kichwani kwake sio ya kwenye karatasi, na mi naamini zile maksi 7 nyingi zimepotelea huko.

Hiyo ya he na she wala asigombezwe. Kwetu "anakuja" haisemi kama ni mwanaume au mwanamke, masikio yetu hayajazoea kuuliza. Achukue penseli, kila akikuta he, she, it, they achore mstari kurudi nyuma mpaka kwa mwenye hilo neno. Hapo juu, "he kept looking", mstari urudi kwa Uncle. Hii inamsaidia gramma na kuelewa kwa wakati mmoja. Na vile vineno vya kuunganisha, but, because, although, asiviruke, maana akiruka "although" habari nzima anaielewa kinyume.

SWALI: Shikamoo Mwalimu, mi nipo form four Nachingwea. Nimeandika "I have seen him yesterday" nikakatwa, wakati Kiswahili tunasema nimemwona jana na hakuna shida. Pia simile na metaphor naona kama kitu kimoja tu. – Mwanafunzi, Nachingwea

JIBU: Marahaba mwanangu. Uko karibu sana kuliko unavyodhani. -me- yetu inakaribiana na "have", -li- ndio past ya kawaida. Nimemwona, "I have seen him". Nilimwona, "I saw him". Tofauti ni kwamba sisi -me- tunairuhusu ikae na jana, Kiingereza hakiruhusu, ukishataja muda uliokwisha kama jana, juzi, mwaka jana, hiyo "have" inatoka: "I saw him yesterday". Na ukikanusha kwa "did" usirudie past, "did not see", sio "did not saw", did imeshaibeba.

Hizo nyingine unazijua toka darasa la Kiswahili. Simile ni tashbihi, metaphor ni sitiari. Mjomba ni kama simba, tashbihi. Mjomba ni simba, sitiari. Ila angalia mtego wa "like": kwenye "I like cassava" hamna tashbihi, hapo like ni kupenda. Hata "he walks like his father" mimi siiti tashbihi, umelinganisha mtu na mtu, hamna picha mpya.

Na usiishie kutaja jina, hapa ndipo wengi wanaachia maksi. "The sea swallowed the canoe", ukiandika ni tashihisi (personification, yaani kitu kupewa matendo ya mtu) ukaweka nukta umefanya nusu ya kazi. Sema bahari imepewa mdomo, mtumbwi umekuwa tonge, msomaji anauona unazama kwa mara moja hakuna kilichobaki juu ya maji. Wewe ni mtu wa kusini, umeshasikia wavuvi wakisema bahari imemmeza mtu, unajua linavyouma hilo neno, basi andika hivyo.

SWALI: Mwalimu naendesha boda Lindi mjini, narudia mtihani kama mtahiniwa binafsi. "A" na "the" zinanitesa. – Kijana wa Lindi

JIBU: Pole kijana, na hongera kwa kurudi kusoma. Kumbuka hadithi za bibi: paliondokea mzee mmoja, mzee yule alikuwa na mbuzi. "There was an old man. The old man had a goat." Mara ya kwanza hatumjui, ni mzee mmoja, "an old man". Tukishamjua ni mzee yule, "the old man". Mbuzi naye ndio kwanza katajwa, "a goat". Kitu ambacho kila mtu anajua ni kipi kinaanza na the moja kwa moja, "the sun". Kuchagua a au an sikiliza sauti sio herufi, "an hour", "a university". Leo ukirudi nyumbani andika safari moja ya abiria wako, anza "A woman stopped me near the market", sentensi tano tu, nitumie tuzipitie pamoja.