Nguzo za Baraza Ndani ya Bwawa

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumbani kwangu Mingoyo, Lindi, nina bwawa la perege ambalo maji yake hufika kiunoni wakati wa kiangazi na kifuani wakati wa masika. Nataka kujenga baraza la mbao la mita 4 kwa 3 litakaloanzia ukingoni na kuingia juu ya maji. Fundi mmoja anashauri tugongomee boriti za mikoko matopeni, na mwingine anataka nguzo za zege. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Msikilize wa zege, lakini usimruhusu aanze kesho. Mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Isitoshe, mti uliosimama majini hauanzi kuoza kule chini matopeni, bali pale maji yanapopanda na kushuka, kwa kuwa hapo unapata unyevu na hewa kwa pamoja. Na katika bwawa lako sehemu hiyo ni ndefu. Nguzo zilizopakwa kreosoti, dawa ya kuzuia mbao zisioze, nazo ziache, kwani dawa hiyo ni sumu kwa samaki.

Subiri Septemba au Oktoba, uvue perege wote na kulikausha bwawa. Kisha shika nondo ya milimita 16, uisimamishe kila mahali patakapokaa nguzo na kuisukuma kwa mikono: ikigoma kabla ya nusu mita, umepata udongo wa kuaminika, ikizama zaidi ya mita moja bila kugoma, sogeza baraza karibu na ukingo, maana kulazimisha hapo ni kutupa saruji.

Chimba mpaka kwenye udongo mgumu, mwaga kitako cha zege cha sentimita 60 kwa 60, kisha simamisha juu yake bomba la plastiki la inchi 6 lenye nondo 4 za milimita 10 zilizoshikana na kitako, ulijaze zege. Nguzo zisipishane zaidi ya mita 2, na vichwa vyake vizidi alama ya maji ya masika kwa sentimita 30, ili boriti za mninga au mkongo zinazofungwa juu kwa bolti zisiguse maji kamwe.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba kila shimo limetoboa sakafu ya bwawa. Rudishia udongo wa mfinyanzi uliolowa, tabaka moja baada ya jingine, kila tabaka ukilikanyaga kwa miguu mpaka likamatane na kitako. Vinginevyo utakuwa na baraza zuri juu ya bwawa linalovuja.

Zege libaki na unyevu kwa siku 7 angalau. Ukishajaza maji, yaache wiki moja, uyamwage na kujaza mengine kabla ya kurudisha vifaranga, kwa sababu saruji mpya hufanya maji kuwa makali kama ya chokaa.