Unaanza kazi ya kupima gesi za angahewa? Anza na mtungi, grafu itakuja

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii huvutwa na grafu moja, ile ya kaboni dioksaidi aliyoianzisha Charles David Keeling mwaka 1958 kwenye mlima wa Mauna Loa, Hawaii. Wakati ule gesi hiyo ilikuwa karibu sehemu 315 kwa milioni. Leo imevuka 420. Grafu inapendeza, sikatai. Ila ukitaka kuijua kazi yenyewe, nenda kwanza katazame mitungi ya gesi rejea, yaani gesi ambayo kiasi chake kinajulikana na hutumika kusahihisha mashine ya kupimia, iliyofungwa minyororo ukutani. Mashine yako haijui kitu zaidi ya ilichofundishwa na mitungi hiyo.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka vipimo vya kaboni dioksaidi vya maabara mbalimbali visipishane zaidi ya sehemu 0.1 kwa milioni kaskazini mwa ikweta, na 0.05 kusini. Kituo cha Mlima Kenya na kile cha Cape Grim kule Tasmania vitawezaje kupatana kiasi hicho? Kwa sababu gesi rejea za vyote viwili hufuatiliwa hadi kwenye kipimo rejea kimoja cha pamoja, kinachotunzwa na maabara iliyoko Boulder, Marekani. Na kipimo hicho nacho hurekebishwa: matoleo mawili ya karibuni yanapishana kwa takriban sehemu 0.18 kwa viwango vya sasa. Ukiwa umehifadhi matokeo ya mwisho peke yake, bila takwimu ghafi na namba ya mtungi uliotumika, hutaweza kukokotoa upya.

Mtungi wenyewe pia una hila zake. Ukikaribia kwisha, kaboni dioksaidi iliyonata kwenye kuta za ndani huanza kuachia, na gesi inayotoka si ile iliyoandikwa kwenye cheti. Usisubiri mshale wa geji ufike sifuri. Tenga pia mtungi mmoja ambao thamani yake unaijua lakini mashine haijaambiwa, uupime kila siku kama hewa ya kawaida. Jibu lake likianza kuhama, kuna tatizo, hata kama taa zote zinawaka kijani.

Mvuke wa maji ndio unaowaponza wengi. Tunaripoti kiasi cha gesi katika hewa kavu. Hewa yenye mvuke wa asilimia 2 itakuonyesha sehemu 412 mahali penye 420, yaani tofauti ya sehemu 8, ambayo ni karibu ongezeko la miaka mitatu. Kausha hewa, au hakikisha hesabu ya kusahihisha unyevu imejaribiwa kwenye mashine yako, si ya jirani.

Ukitumwa kujaza chupa za kioo kwa sampuli za hewa, simama uso ukiuelekea upepo, vuta pumzi, ibane, fungua, kisha ondoka. Pumzi unayotoa ina kaboni dioksaidi karibu mara mia ya ile iliyo hewani. Chupa hujazwa mbilimbili kwa makusudi: zikipishana, mojawapo imevuja au imechafuliwa.

Sasa niseme jambo ambalo naliona muhimu kuliko yote, nalo ni kutofuta. Utafundishwa kutenganisha hewa safi ya mbali na hewa iliyopita karibu na moshi au mimea. Hiyo ni sawa; hata Mauna Loa upepo wa mchana hupandisha hewa ya mabondeni, na data ya saa hizo huwekwa alama. Weka alama, basi, namba ibaki. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba CFC-11, gesi inayoharibu ozoni na iliyopigwa marufuku kwa Mkataba wa Montreal, ilikuwa inapungua polepole kuliko ilivyotarajiwa. Vituo vya mbali vilionyesha kwamba kuna anayeitoa. Mwaka uliofuata vituo vya Gosan, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, vilionyesha kwamba sehemu kubwa ilitoka mashariki mwa China, na ushahidi ulikuwa katika vile vilele vya uchafuzi ambavyo mtu wa hewa safi angevichuja.

Usidanganywe na utulivu pia. Kati ya 1999 na 2006 kiasi cha gesi ya methani hewani kilikaribia kuacha kupanda kabisa, na mwaka 2007 kikaanza kupanda tena. Aliyepunguza vipimo katika miaka ile kwa kuona hakuna jipya alikosa mwanzo wa mpando huo.

Shajara ya kituo iandike siku hiyohiyo, kwa saa za UTC (saa za pamoja za dunia). Pampu imebadilishwa, jenereta limewashwa, nyasi zimefyekwa, wageni wamepanda juu ya paa: yote yaingie. Cape Grim wamekuwa wakihifadhi hewa kwenye matangi tangu 1978, na hewa hiyo imekuja kupimwa gesi ambazo siku ilipokusanywa hakuna aliyekuwa akizipima. Atakayeirudia data yako miaka thelathini baadaye hatakuwa na namna ya kukuuliza jenereta lilizimwa saa ngapi.