Dawa za maumivu ya mgongo na sala ya kwenye kiti: je, ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalaamu alaykum shekhe. Mimi ni mama wa miaka 63. Huu mwaka wa sita shingo na mgongo vinaniuma, na daktari alinionyesha kwenye picha kwamba viungo vya uti wa mgongo vimelika. Nilikuwa nameza dawa za maumivu na kuswali kwenye kiti. Ustadhi wa darsa yetu akasema Mtume (s.a.w.) ameshasema uzee hauna dawa, kwa hiyo anayekimbilia vidonge hajaridhika na kadari, na akatutajia yule mwanamke wa kifafa aliyesubiri akaahidiwa Pepo. Akasema pia anayefika darsani kwa miguu yake hana ruhusa ya kiti. Nimeacha vyote, miezi miwili sasa. Nikisujudu siinuki mpaka mjukuu wangu aje anishike mikono. Je, nilikosea hapo mwanzo? Na sala za kwenye kiti nizilipe?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah, mama yangu. Kulikuwa na maswali mengine mbele ya lako. Nimeyaweka kando kwa ajili ya huyo mjukuu.

Hadithi ya uzee ipo. Ameipokea Usama bin Sharik (r.a.), nayo imo katika vitabu vya hadithi vya Abu Dawud na Tirmidhi. Lakini ustadhi ameshika mkia akaacha kichwa. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.): je, tujitibu? Akawajibu: naam, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, jitibuni, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja. Walipouliza ni upi, akasema: uzee. Sasa mtu anaisomaje hadithi iliyoanza na "jitibuni" akatoka nayo na "msijitibu"? Kilichotolewa hapo ni uzee wenyewe: hakuna kidonge cha kumrudisha mtu ujanani. Maumivu anayoyapata mzee hayakutajwa. Kwa kipimo cha ustadhi, mzee asiyeona vizuri avue miwani na asiye na meno asitengenezewe ya bandia. Sijui kama yeye mwenyewe husoma kitabu bila miwani.

Na ukitazama, daktari wako hasemi kinyume na hadithi. Gegedu, ule mfupa laini, likishalika katikati ya viungo vya pingili za mgongo halirudi kama lilivyokuwa, na hakuna daktari mkweli atakayekuahidi hivyo. Kinachotibiwa ni maumivu na ule ugumu wa asubuhi, ili uweze kusimama, kulala na kuswali. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitibu maumivu. Bukhari amepokea kwamba alifanyiwa hijama (kuumikwa) kichwani, naye yumo katika ihramu, kwa sababu ya kipandauso. Hakungoja amalize ibada ndipo atafute nafuu. Nani basi kamzidi kuridhika na kadari?

Habari ya mwanamke wa kifafa ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim. Ila tuisome mpaka mwisho. Mtume (s.a.w.) alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri. Kisha hapo hapo akasema: mimi hufunuka nguo, niombee nisifunuke. Akaombewa. Aliyebeba ugonjwa wote kwa subira aliomba apunguziwe lile lililomuumiza zaidi. Na hiari ile alipewa yeye mwenye mwili, hakuna aliyemchagulia. Wanazuoni walio wengi wanasema kujitibu si wajibu, kwa hiyo sikuhesabii dhambi kwa kuacha dawa. Lakini kumkataza mgonjwa mwingine dawa yake kwa jina la dini ni jambo zito, na ustadhi nampa nasaha alirudie.

Kuhusu kiti, hapa ana nusu ya haki na nitampa. Wapo wanaosimama barazani wakizungumza saa nzima, wakiingia msikitini wanavuta kiti tangu takbira. Kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo, na anayeiacha bila udhuru sala yake haisihi. Lakini kutembea hadi darsani si kipimo cha kuweza kusujudu. Kutembea kunanyoosha mgongo, kusujudu kunaukunja, na wenye maradhi haya wanaijua tofauti hiyo kuliko mimi. Imran bin Husayn (r.a.) aliyekuwa na bawasiri aliambiwa: swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. Hakutakiwa awe hawezi kabisa hata kuinuka. Imamul Haramayn, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, amekipima kushindwa huko kwa tabu inayoondoa khushuu, yaani utulivu na unyenyekevu wa moyo ndani ya sala. Mtu anayesujudu huku akiwaza nani atamwinua, khushuu yake iko wapi?

Basi fanya hivi. Toa takbira umesimama na usome Alhamdu umesimama, madamu unaweza. Ukichoka, kaa. Rukuu iname kadiri mgongo unavyokubali. Kwa sijida kaa kwenye kiti na uiname zaidi kidogo kuliko ulivyoinama kwenye rukuu. Shingo ikikataa, inamisha kifua. Na katika salamu usijipinde: nguzo ni kutamka, kugeuza uso ni sunna. Sema "Assalaamu alaykum" ukitazama mbele. Siku mgongo ukikupa nafuu ukaweza kushuka bila kuumia, shuka.

Dawa usizirudie kwa mazoea. Mrudie daktari kwanza, kwa sababu baadhi ya dawa hizi huumiza tumbo na figo na kupandisha presha, na kwa umri wako lazima zipimwe. Usimeze za jirani hata kama mnaumwa sawa. Muulize pia kuhusu mazoezi ya viungo, maana kulala kitandani siku nzima kunaukaza mgongo zaidi, na kitambaa cha moto shingoni husaidia wengi. Ila miguu ikiingia ganzi au kulegea, au mkojo ukaanza kukutoka bila kujua, usiningoje mimi wala darsa: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na dua iwe pamoja na dawa. Weka mkono panapouma, sema Bismillah mara 3, kisha mara 7: Audhu billahi wa qudratihi min sharri maa ajidu wa uhaadhir. Imo kwa Muslim, na Mtume (s.a.w.) alimfundisha Uthman bin Abil-Aas alipomlalamikia maumivu mwilini. Alimlalamikia, na hakukaripiwa.

Sala ulizoswali kwenye kiti kwa udhuru huo zimesihi. Usilipe hata moja. Na kiti kirudishe pale pale kilipokuwa, kuanzia sala ya leo.