Kwa aliyeuliza kwa nini barua pepe za duka lake hazifunguliwi

Mkuu, umesema una wateja kama 300 kwenye orodha yako, unawatumia barua pepe kila wiki, wanaofungua ni wachache, na unaomba upewe maneno ya kuweka kwenye mada (ule mstari wa kichwa ambao mtu huuona kabla ya kufungua barua) ili watu wafungue. Mimi pia nina duka dogo la mtandaoni, nauza daftari na mikoba ya kushonwa kwa mkono, na kwa miaka sita barua pepe ndizo zimekuwa zikinirudishia wateja. Maneno ya namna hiyo niliyatafuta sana, nikayapata, nikayatumia, na yakaniumiza. Ngoja nikueleze.

Mwaka wa pili wa duka nilisoma mahali kwamba mada ikianza na "Re:" mtu hufungua haraka, kwa sababu anadhani ni jibu la kitu alichoandika mwenyewe. Nikawatumia wateja wote barua yenye mada "Re: Oda yako". Oda haikuwepo. Ndani lilikuwa tangazo la mikoba mipya. Waliofungua siku hiyo walikuwa wengi kuliko siku yoyote ya nyuma, nikashinda na furaha mpaka jioni, majibu yalipoanza kuingia. Dada mmoja aliyekuwa akisubiri mzigo aliniandikia kwamba moyo ulimwenda mbio, alidhani umepotea. Wengine walijiondoa kwenye orodha. Wengine hawakusema neno, walibonyeza tu kitufe cha kuripoti taka, yaani barua isiyotakiwa (spam).

Hao wa mwisho ndio walioniponza. Wiki zilizofuata hata barua za kweli za kuthibitisha oda zikawa zinaangukia kwenye taka. Mtu amelipa, anasubiri uthibitisho, hauoni, anapiga simu kuuliza kama ametapeliwa. Nilikosa la kumjibu, maana kosa lilikuwa langu. Ilichukua miezi barua zangu kurudi kuingia kikashani kama zamani, na kuna wateja ambao hawakurudi kabisa.

Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail wasifikishe asilimia 0.3 ya kuripotiwa taka. Wewe na mimi hatutumi nyingi hivyo, lakini piga hesabu: kwa orodha ya watu 300, akiripoti mmoja tu umeshavuka kiwango hicho. Na kama una wateja Marekani, sheria yao ya CAN-SPAM ya mwaka 2003 inakataza mada inayopotosha kuhusu kilichomo ndani. Kwa hiyo "Re:" ya uongo, "Fwd:" (barua iliyopitishwa kutoka kwa mtu mwingine) ya uongo na "Akaunti yako ina tatizo" wakati haina tatizo, achana navyo kabisa.

Sasa tuje kwenye kuandika. Mada niliyokuwa nikiitumia kila bidhaa mpya ikiingia ilikuwa hii:

"Habari njema kwa wateja wetu wapendwa! Bidhaa mpya zimewasili"

Ifungue kwenye simu iliyoshikwa wima. Programu nyingi huonyesha herufi 30 hadi 40 hivi za mwanzo, zinazobaki zinakatwa. Mteja anachokiona ni "Habari njema kwa wateja wetu wapen". Nafasi yote imeishia kwenye salamu. Sisi tumezoea kuanza na salamu ndipo tuseme shida, na ni adabu nzuri, ila mahali pake ni ndani ya barua. Tena maneno yetu ni marefu: "tunawakaribisha" peke yake ina herufi 15.

Siku hiyo kilichokuwa kimeingia kilikuwa daftari la mistari, lililokuwa limeisha kwa muda mrefu. Mimi dukani nililiita "kitunza kumbukumbu". Nikapitia ujumbe wa wateja wa nyuma, nikaona hakuna hata mmoja aliyelitaja kwa jina hilo. Wote waliandika "lile daftari la mistari" au "yale ya mistari yatarudi lini?" Basi nikaandika:

"Daftari la mistari limerudi, rangi nne"

Herufi 38 ukihesabu na nafasi. Hata simu ikikata mwishoni, jambo lenyewe limeshasomeka. Halafu sikuituma kwa wote. Niliituma kwa wale walioliulizia na waliowahi kulinunua, watu wasiozidi 60. Walionunua siku ile walizidi walionunua nilipowatumia wote ile "Habari njema" yangu. Tangu hapo kabla ya kuandika mada nafungua kwanza ujumbe wa wateja na kuangalia kitu hicho wao wanakiitaje. Kama kuna jambo moja la kuchukua kwangu, chukua hilo, lina faida kuliko yote yanayofuata.

Angalia pia unavyomwita msomaji. "Mnakaribishwa", "wateja wetu", "ofa kwenu nyote" zinasomwa na mtu mmoja aliyeshika simu, naye anajua papo hapo kwamba haongeleshwi yeye. Andika kwa umoja: "Mkoba wako una kamba mpya". Kuweka jina lake kwenye mada mimi nimeacha. Siku nafasi ya jina kwenye mfumo wa kutuma barua ikiwa tupu, barua inatoka na "Habari , tuna ofa", na kila mtu anaona ni mashine.

Kuna ule mstari mdogo unaoonekana baada ya mada. Usipouandika, programu inachukua maneno ya kwanza ya barua, na mara nyingi yanakuwa "Kama huoni picha bofya hapa". Mimi nauandika kila mara, na naujaza jibu la swali ambalo mada imeliacha: rangi zipi, mpaka tarehe gani, inachukua siku ngapi kufika.

"Leo ni mwisho" iandike siku ambayo kweli ni mwisho. Niliwahi kuongeza siku tatu baada ya "mwisho", na ofa iliyofuata watu walikaa tu wakisubiri siku za nyongeza. Herufi kubwa tupu na alama za mshangao tatu tatu zinafanana na kelele. Vikaragosi (emoji) havionekani sawa kwenye kila simu, mimi naviacha.

Utaambiwa pia ujaribu mada mbili, nusu ya watu wapate hii na nusu ile. Kampeni ya Barack Obama ya 2012 ilifanya hivyo sana, na mada yao moja iliyosema "I will be outspent" (yaani "wapinzani watanizidi kwa matumizi") iliwaletea zaidi ya dola milioni 2. Lakini wao walikuwa na orodha ya mamilioni ya watu. Kwa watu 300, kundi moja wakifungua 33 na jingine 39, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu, usibadilishe biashara kwa ajili ya watu sita. Na hata namba ya waliofungua usiiamini sana, maana mfumo hujua mtu amefungua pale picha iliyomo kwenye barua inapopakuliwa. Tangu mwaka 2021 Apple imeweka ulinzi wa faragha kwenye programu yake ya barua, unaopakua picha za barua kabla mtu hajaigusa, hivyo mfumo wako unahesabu "amefungua" wakati mwenyewe hata hajaiona. Mimi naangalia waliobofya, waliojibu na walionunua.

Usisahau barua za oda zenyewe. Hizi watu huzitafuta miezi baadaye, mzigo ukiwa na kasoro au wakitaka kingine kama kile. "Asante kwa kununua nasi" haipatikani kwa kutafuta. "Oda 1184: daftari la mistari limetumwa" inapatikana ukiandika namba, daftari au mistari. Tangu nibadilishe hivyo, simu za kuniuliza "mzigo wangu uko wapi" zimepungua sana.

Kitu kimoja hukutuambia: jina la mtumaji linaonekanaje? Mteja hulisoma kabla ya mada. Langu lilikuwa "info", nikalibadilisha likawa jina langu la kwanza na jina la duka, na wiki hiyohiyo watu walianza kunijibu. Jitumie barua moja uone linavyotokea kwenye simu, kisha liweke hapa pamoja na mada zako tatu za mwisho, tuzipitie moja moja.