Kwa mnaoanza kusoma jeni zilizonyamazishwa

Wadogo zangu wa Kigoma mnaoingia kwenye vinasaba vya mimea, anzeni na mchikichi kabla ya kukariri majina ya protini. Mkipata nafasi ya kufika kituo cha utafiti cha Kihinga, ombeni kuonyeshwa maua yake kwa karibu, la kiume na la kike.

Michikichi inayokuzwa kutoka tishu maabara huweza kupata kasoro: tunda linaota nyama za ziada pembeni, na ikizidi, mkungu hauleti mafuta. Mwaka 2015 watafiti wa Malaysia na wenzao walionyesha chanzo. Karma, transposoni (kipande cha DNA kinachoweza kuhama) iliyo ndani ya jeni ya ua, imepoteza alama zake za methili, vibandiko vya kemikali vinavyoinyamazisha DNA. Herufi za DNA ni zile zile.

Basi jiulizeni: seli ikigawanyika, alama hizo zinafikaje kwenye uzi mpya? Wengi hujibu MET1, kimeng'enya kinachonakili methili, wakaridhika. Msiridhike. DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, jozi 147 za herufi kwa kila fungu la histoni nane, na H1, histoni nyingine, inabana juu yake. Palipobanwa sana, MET1 hapiti kirahisi bila DDM1, protini inayotumia ATP, nishati ya seli, kusogeza mafungu hayo. Kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio, DDM1 ikiharibika, takriban asilimia 70 ya methili hupotea na transposoni huamka. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba ukiiondoa H1 pia, sehemu ya methili hurudi. Kwangu hakuna jaribio zuri kuliko hilo katika somo hili: limeonyesha wazi kwamba kazi ya DDM1 ni kufungua njia.

Kwenye meza ya kazi, kumbukeni kwamba mmea wa ddm1, yaani ule ambao DDM1 yake imeharibika, mwanzoni huonekana karibu mzima. Kasoro hujilimbikiza kadiri unavyojichavusha kizazi hadi kizazi. Andikeni kizazi kwenye kila bahasha ya mbegu, kwa penseli, maana spiriti hufuta wino. Bahasha isiyo na kizazi msiitumie, hata mbegu zikiwa adimu. Na mkiuchavusha na mmea wa kawaida, msitarajie kila kitu kirudi: vipande vingi vya DNA hubaki bila methili hata DDM1 nzima ikiwepo.

Mkipima methili kwa bisalfaiti, dawa inayofanya herufi C isiyo na methili isomeke T, angalieni kloroplasti kwanza. DNA yake haina methili, hivyo karibu C zote zisomeke T. Zikibaki C nyingi, dawa haikufanya kazi. Rudieni kabla hamjaigusa jeni yenu.