Barua kwa mwanangu: mama aliyeketi kitini

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika, na baba yako ameisoma kabla yangu kama ilivyo desturi yake. Unasema umetoka National Gallery, jumba la sanaa la London, kutazama maonyesho ya kazi za mchoraji Mwingereza Lucian Freud, yaliyoandaliwa kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe, nawe waniuliza kama mtu yule alimpenda mama yake au alimtumia tu.

Mimi nitakueleza habari za mama mwenyewe, Lucie. Picha zake nilizikuta Tate Britain, jumba jingine la London, mwaka 2002, nilipokuwa masomoni huko nanyi mmebaki Tanga, na tangu hapo niko upande wake. Mumewe, Ernst, alifariki mwaka 1970. Lucie akajaribu kujiua, akaokolewa, lakini hamu ya maisha haikumrudia. Awali mwanawe alikuwa akimkwepa kwa kuwa alimfuatilia mno, na alikiri mwenyewe kwamba aliweza kumchora pale tu mama alipoacha kumjali. Kuanzia mwaka 1972 akawa anamketisha mbele yake, kwa miaka. Katika ile picha kubwa ya 1973 mama yuko kitini, macho hayamtazami mtu, chini ya kiti pana kinu na mchi wake, na nyuma amelala mwanamke aliyefunikwa blanketi nusu mwili, ambaye alichorwa kwa wakati wake mbali.

Kinu kile ndicho kilichonirudisha nyumbani. Unajua mjomba wako na penseli zake. Bibi yako alipokuwa katika eda ya babu yako, nilimkuta mjomba wako ameketi uani akimchora, naye Bibi ametulia kama hasikii mbu. Nilimnyang'anya karatasi. Nilimwambia mjane si pambo la kutazamwa, na kwamba mwenye picha ni aliyeketi, si aliyechora, jambo ambalo nimewaimbia ninyi nyote tangu utotoni. Bibi akasema, bila hata kuniangalia: "Mrudishie. Ninyi wengine mnaniletea sahani huku mkitazama sakafu." Mjomba wako alicheka, na kicheko kile bado nakisikia. Hata leo nasema nilikuwa na haki, kwa sababu hakumwomba ruhusa.

Lakini je, Bibi angeombwa, angesema nini? Najijibu kwamba angekubali, kisha najijibu kwamba mfiwa hukubali lolote ili aachwe apumzike. Malkia Elizabeth naye aliketi mbele ya Freud, akapewa picha ndogo kama daftari, na wengi wakaitukana. Ila yeye alikuwa na nguvu ya kukataa. Lucie alikuwa nayo? Mwenye picha ni aliyeketi, nasema tena, na sijaona popote palipoandikwa yeye aliziona vipi.

Hukumu uliyoniomba nitaizuia, na si kwa hiari. Alipofariki mwaka 1989, mwanawe alimchora kwa mkaa akiwa maiti. Asiyependa hafanyi hivyo, au labda ndiye hasa afanyaye. Baba yako anashikilia la kwanza, nami ulimi unaniwasha, lakini kwanza mpigie simu mjomba wako umuulize ile karatasi aliiweka wapi.

Mama yako